Kukwama na Kukwamisha: Istilahi za Uandishi Usiongoja katika Programu za Kupanga Njia za Mtandao, kwa Mfano wa Maji ya Sanya Juu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kutaja kwa usahihi tatizo moja la uundaji wa programu za kupanga njia za mtandao. Tatizo lenyewe ni la programu inayomwandikia jirani mzito wa kupokea, ikasimama kumngoja, na kwa kusimama huko ikawapoteza majirani wengine wasio na kosa. Inadaiwa hapa kwamba tafsiri ya "uandishi usiozuia", ambayo humjia mfasiri upesi, inapotosha, kwa sababu inaelekeza fikra kwenye mkondo badala ya kuzielekeza kwa mwandishi. Kwa kutumia msamiati wa umwagiliaji wa miteremko ya Kilimanjaro na milima ya Upare, makala yanapendekeza istilahi "uandishi usiongoja", "ndiva" na "foleni ya jirani", na kuonyesha mahali ambapo sitiari ya maji inafaa na mahali inapokoma kufaa.

1.0 Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi za sayansi kwa Kiswahili si ngeni. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizomsemesha mtumiaji kwa Kiswahili. Kazi hiyo ya pili ilithibitisha kwamba mtu anaweza kufungua faili, kuihifadhi na kuichapisha bila kupitia lugha nyingine. Hata hivyo, istilahi za aina hiyo hutaja yale yanayoonekana kwenye kioo cha kompyuta. Yale yanayotendeka ndani ya mashine, ambayo ndiyo mali ya muundaji wa programu na si ya mtumiaji, bado yana msamiati mchache, nao mara nyingi umetafsiriwa neno kwa neno.

Madhara ya upungufu huo hayaishii katika usafi wa lugha. Istilahi ya ufundi ni maelekezo yaliyofupishwa: anayeisikia kwa mara ya kwanza huijengea picha, kisha hutenda kwa kufuata picha hiyo. Picha ikiwa na kasoro, programu nayo huwa na kasoro. Tutajaribu kuonyesha jambo hili kwa kitenzi kimoja cha Kiingereza, "block", jinsi kinavyotumika katika elimu ya soketi za mtandao.

Mfano wetu tumeuweka Sanya Juu, mji ulio upande wa magharibi wa Mlima Kilimanjaro katika Wilaya ya Siha. Barabara ya kuufikia huachana na ile ya Moshi na Arusha pale Boma Ng'ombe. Juu ya mji kuna miteremko inayopata mvua. Chini yake imetandaa tambarare kavu ya Sanya. Mahali pa namna hiyo maji hayangojwi kutoka mawinguni tu, bali huongozwa. Mfereji wa asili wa kuongoza maji huitwa na Wachaga mfongo, na wingi wake, mifongo, umekwisha kuzoeleka katika Kiswahili cha mkoa huo. Kwenye baadhi ya mifongo huwapo bwawa dogo la kukusanyia maji, nduwa, ambalo majirani wa Upareni huliita ndiva. Bwawa hujazwa usiku na kufunguliwa mchana, ili mwenye zamu apate mkondo wenye nguvu badala ya maji yanayochirizika. Kama tutakavyoona, msamiati huu unabeba tofauti ambazo neno la Kiingereza limezifumba.

2.0 Mahali ambapo mwandishi hukwama

2.1 Jirani, soketi na bwawa

Kipanganjia ni mashine, au programu ndani ya mashine, inayoamua kila pakiti ya data ipitie wapi. Ili iamue vizuri, sharti izungumze na vipanganjia vingine. Itifaki inayotumika baina ya mitandao iliyo chini ya wenyewe mbalimbali ni BGP, ambayo toleo lake la nne limefafanuliwa katika waraka RFC 4271 wa mwaka 2006. Washiriki wa mazungumzo hayo huitwa majirani, na katika neno hili Kiswahili hakikuhitaji kubuni chochote.

Majirani huzungumza kwa njia ya TCP. Kila upande una soketi, yaani mdomo wa mazungumzo ambao mfumo endeshi huikabidhi programu. Neno "soketi" tayari lina maana nyingine katika nyumba zetu, tundu la ukutani la kuchomekea umeme, na maana hiyo yaweza kumsaidia au kumpotosha mwanafunzi. Humsaidia akielewa kwamba ni mahali pa kuunganisha. Humpotosha akidhani kwamba kinachotiwa humo hufika papo hapo upande wa pili, kama umeme ufikavyo kwenye taa.

Ukweli ni kwamba programu inapoandika kwenye soketi, haimwandikii jirani moja kwa moja. Huandika katika hifadhi iliyo ndani ya kiini cha mfumo endeshi, na kiini ndicho kinachopeleka data kidogo kidogo kwa kasi ambayo njia na mpokeaji wanaweza kuihimili. Hifadhi hiyo ina ukubwa wenye kikomo. Nafasi ikiwapo, amri ya kuandika hurudi upesi na programu huendelea na shughuli nyingine. Nafasi isipokuwapo, katika hali ya kawaida ya soketi, kiini hukilaza kile kilichotoa amri hadi nafasi ipatikane. Programu huwa imelala katikati ya sentensi yake. Haisomi, haijibu, haihesabu muda.

Hapa ndipo bwawa linapokuja akilini. Hifadhi ya kiini ni kama ndiva: kuna anayejaza, kuna tundu la kutokea maji, na kuna ukingo. Kasi ya kujaza haiamui kasi ya kutoka. Anayejaza akifika na ndoo na kukuta maji yamefika ukingoni, ana mambo mawili tu: kusimama hapo na ndoo yake hadi maji yapungue, au kuiweka ndoo chini, kukumbuka mahali alipoiweka, na kwenda kupalilia migomba hadi atakapoitwa.

2.2 Hesabu ya kituo cha Sanya Juu

Tuchukue mfano wa kufundishia. Tuseme kipanganjia kilichopo Sanya Juu kina majirani wawili. Jirani wa kwanza yuko Moshi, naye ameunganishwa kwa waya wa nyuzi za kioo wenye kasi kubwa. Jirani wa pili yuko kwenye shamba la Kilimanjaro Magharibi, naye hufikiwa kwa redio dhaifu inayopitisha kilobiti 64 kwa sekunde. Programu ya kupanga njia ina uzi mmoja tu wa utendaji, nayo huandika kwa namna ya kungoja. Hifadhi ya kiini kwa kila soketi ni baiti 65,536.

Kiungo cha redio kinakatika, kisha kinarudi. Programu inatakiwa kumpelekea jirani wa shambani orodha nzima ya njia. Tuseme ni njia 10,000, kila moja ikigharimu baiti 60, jumla baiti 600,000. Baiti 65,536 za mwanzo zinameza nafasi yote ya hifadhi mara moja. Baiti 534,464 zilizobaki sharti zingoje nafasi zipatikane kwa kasi ya redio. Kwa kilobiti 64 kwa sekunde hizo ni sekunde 67 hivi, bila kuhesabu gharama za vichwa vya pakiti wala pakiti zinazopotea.

Tukumbuke sasa jirani wa Moshi, ambaye hana kosa lolote. BGP inadai kila upande utume salamu mara kwa mara, kuonyesha kwamba ungali hai. Muda wa kuvumilia uliopendekezwa na RFC 4271 ni sekunde 90, na salamu hutumwa kila theluthi ya muda huo, yaani sekunde 30. Salamu yenyewe ni ndogo mno: baiti 19. Ikiwa programu ilianza kumwandikia jirani wa shambani sekunde 30 baada ya salamu ya mwisho kwenda Moshi, basi itakapoamka zitakuwa zimepita sekunde 97. Jirani wa Moshi atakuwa amekwisha kuhukumu kwamba Sanya Juu imekufa, amevunja mazungumzo, na amefuta njia zote alizozipata kutoka huko. Baiti 19 zilishindwa kutumwa kwenye njia pana na tupu, kwa sababu mtumaji alikuwa amesimama kwenye njia nyembamba iliyojaa.

Madhara hayakomi hapo. Mazungumzo na Moshi yakianza upya, orodha nzima itatumwa upya huko nako, na mabadiliko ya njia yatatangazwa kwa jirani wa shambani, ambaye ndiye chanzo cha uzito. Foleni yake itarefuka, na programu italala tena. Hivyo udhaifu wa kiungo kimoja huambukiza mtandao mzima. Orodha halisi ya njia za intaneti ya dunia kwa anwani za toleo la nne imepita njia 900,000, kwa hiyo mfano wetu wa njia 10,000 ni wa upole.

Kuna hali iliyo mbaya zaidi. Yawezekana programu ya jirani imekwama yenyewe, lakini kiini cha mashine yake kingali hai. Kiini hicho kitaendelea kukiri kwamba kinasikia, huku kikisema kila mara kwamba hakina nafasi ya kupokea. Kwa TCP, mazungumzo ya namna hiyo si mfu. Mwandishi anayengoja atangoja bila mwisho. Kasoro hii ilipatiwa kanuni rasmi hivi karibuni tu: waraka RFC 9687 wa mwaka 2024 uliiongezea BGP saa ya upande wa kutuma, ili jirani asiyepokea chochote kwa muda mrefu aachwe. Saa hiyo hufaa tu kwa programu ambayo haijalala, kwa kuwa aliyelala hawezi kuitazama saa yake.

3.0 Vitenzi vinne mahali pa kimoja

Kiingereza huieleza hali yote tuliyoisimulia kwa kitenzi kimoja. Njia iliyozibwa, hifadhi iliyojaa, programu iliyosimama na programu inayosimamisha wengine huweza zote kutajwa kwa mzizi huohuo. Mfasiri akifungua kamusi, tafsiri ya kwanza atakayoikuta ni "zuia" au "ziba", naye ataunda "uandishi unaozuia" na "uandishi usiozuia". Tuzitazame sentensi hizi:

(1) a. Mfongo umeziba.
    b. Ndiva imejaa.
    c. Mwenye zamu amekwama.
    d. Mwenye zamu amewakwamisha wenziwe.

Msemaji yeyote wa Kiswahili atakubali kwamba sentensi hizi nne hazisemi jambo moja. Katika (1a) kuna kitu kigeni mkondoni, labda majani au jiwe, na dawa yake ni kuzibua. Katika (1b) hakuna hitilafu yoyote. Bwawa kujaa ni kazi yake. Katika (1c) mtu ameshindwa kuendelea. Katika (1d) kushindwa kwake kumewafikia wengine. Hali ya (1b) yaweza kuwapo bila (1c), ikiwa mwenye zamu ameondoka kwenda kufanya kazi nyingine. Na (1c) yaweza kuwapo bila (1d), ikiwa hakuna aliyekuwa akimtegemea.

Mnyambuliko wa vitenzi unatuthibitishia tofauti hizi. Kutokana na mzizi -kwam- tunapata "kwama", kitenzi kinachoeleza hali ya mtendwa bila kumtaja mtenda. "Kwamisha", kinachomtaja anayesababisha. Na "kwamua", kinachogeuza hali hiyo. Kutokana na -zib- tunapata "ziba" na "zibua". Mtu hukwama, mfereji huziba. Ni nadra kusikia kwamba mtu ameziba, isipokuwa katika "ameziba masikio" na mifano kama hiyo, ambapo kinachozibwa bado ni tundu.

Tukirejea kwenye soketi, ni dhahiri kwamba jina la Kiingereza linakusudia (1c), nalo huogopewa kwa sababu ya (1d). Tafsiri ya "usiozuia" haitaji lolote kati ya hayo. Kitenzi "zuia" ni elekezi, nacho kinadai yambwa: uandishi usiozuia nini? Mwanafunzi atajaza pengo mwenyewe, na jibu lililo karibu ni "usiozuia njia". Basi ataamini kwamba kwa kuiweka soketi katika hali hiyo ameifungua njia, na kwamba data sasa itapita. Hilo si kweli hata kidogo. Redio ya shambani inabaki na kilobiti zake 64 kwa sekunde, na ndiva inabaki imejaa. Kilichobadilika ni jambo moja tu: kiini, badala ya kumlaza mwandishi, humwambia kwamba nafasi haipo na kumrudishia mzigo wake mikononi.

Mwanafunzi aliyeamini kwamba njia imefunguka hatajiuliza aufanyie nini mzigo uliorudishwa. Ataupoteza. Kwa maoni yetu, hii ndiyo gharama ya istilahi mbaya: inamficha mtu wajibu aliokwisha kuupokea.

4.0 Namna ya kuandika bila kungoja

Ili kuonyesha kwamba hoja yetu si ya maneno matupu, tueleze wajibu huo kwa ukamilifu. Tunauhesabu katika mambo manne.

Kwanza, mwandishi asiyengoja sharti ajue kwamba kiini chaweza kupokea sehemu tu ya alichotoa. Akitoa baiti 4,096, ambao ndio ukubwa wa juu wa ujumbe wa BGP kwa mujibu wa RFC 4271, kiini chaweza kupokea 1,500 na kumrudishia 2,596. Hizo zilizobaki lazima zitangulie kabla ya ujumbe mwingine wowote kwa jirani huyo, pamoja na salamu. Akitanguliza salamu katikati ya ujumbe uliokatika, mpokeaji atazihesabu baiti za salamu kuwa sehemu ya ujumbe ule, na mazungumzo yote yataharibika.

Pili, kinachobaki kiwekwe katika foleni ya jirani anayehusika. Foleni moja kwa majirani wote hairekebishi kitu, kwa kuwa wa mbele akikwama, wa nyuma yake wamekwama pia. Kila jirani awe na foleni yake, kama kila mfongo ulivyo na tundu lake.

Tatu, programu iwe na mahali pamoja pa kungojea mambo yote. Tangu soketi zilipotolewa katika mfumo wa BSD 4.2 mwaka 1983, kumekuwapo amri ya kukiuliza kiini: kati ya soketi hizi, ni ipi iliyo tayari kusomwa, na ni ipi yenye nafasi ya kuandikiwa? Mifumo ya baadaye imeongeza amri nyepesi zaidi kwa swali hilohilo. Programu hulala mara moja tu, ikizingoja soketi zote kwa pamoja pamoja na saa zake, na huamshwa na lolote litakalotangulia. Hapa pana mitego miwili. Swali la "kuna nafasi ya kuandika?" liulizwe kwa jirani mwenye foleni peke yake. Likiulizwa kwa wasio na foleni, jibu ni "ndiyo" wakati wote, na programu itazunguka bure ikila nguvu za mashine. Aidha, jibu la "ndiyo" halina maana kwamba nafasi inatosha ujumbe wote. Soketi iliyoachwa katika hali ya kungoja yaweza kumlaza mwandishi hata baada ya jibu hilo. Kwa hiyo kuuliza kwanza hakumwondolei mtu haja ya kuiweka soketi katika hali ya kutongoja.

Nne, foleni iwe na mpaka. Mwandishi asiyengoja anaweza kuendelea kuongeza kwenye foleni bila kikomo hadi kumbukumbu ya mashine iishe, na hapo atakuwa ameahirisha maafa badala ya kuyaepuka. BGP inatoa nafuu ya pekee. Tangazo jipya kuhusu njia fulani hufuta tangazo la zamani kuhusu njia hiyohiyo. Basi hakuna haja ya kupanga foleni ya matangazo yote; yatosha kuandika kumbukumbu ya njia zipi zimebadilika, na kutunga ujumbe wakati nafasi inapopatikana. Njia moja ikibadilika mara 50 wakati jirani wa shambani ni mzito, atapelekewa hali ya mwisho peke yake. Hivyo urefu wa foleni hautegemei idadi ya mabadiliko bali idadi ya njia, ambayo ina kikomo kinachojulikana.

Wapo watakaouliza: kwa nini kila jirani asipewe uzi wake wa utendaji, angoje peke yake? Njia hiyo inatumika, na ina sifa zake. Programu ya FRRouting, kwa mfano, imetenga kazi ya kusoma na kuandika BGP pamoja na utumaji wa salamu katika nyuzi zilizo mbali na hesabu za njia. Hata hivyo, nyuzi hushirikiana orodha ya njia, na orodha hulindwa kwa kufuli. Uzi ukilala kwenye soketi huku umeshika ufunguo wa kufuli, wote wanaouhitaji ufunguo huo watakwama. Kungoja kumehamishwa tu kutoka kwenye soketi hadi kwenye kufuli.

Jambo hili linatupeleka kwenye hali ambayo wanafunzi huiona ya ajabu, lakini mkulima huielewa mara moja. Programu za ukoo wa GNU Zebra, iliyoanzishwa na Kunihiro Ishiguro mwaka 1996, kisha Quagga, kisha FRRouting, zimegawanywa katika sehemu zinazoandikiana ndani ya mashine moja. Sehemu ya BGP huipelekea sehemu ya kati njia ilizozichagua. Sehemu ya kati huirudishia habari za njia na viungo vingine. Tuseme zote mbili zinaandika kwa kungoja. Ya kwanza imejaza hifadhi inayoelekea kwa ya pili, nayo imelala. Ya pili, kabla ya kusoma, inaandika majibu, inakuta hifadhi ya upande huu imejaa, nayo inalala. Kila moja inangoja mwenziwe asome, na hakuna atakayesoma. Hapa hakuna redio dhaifu wala umbali. Zimo ndani ya kasha moja. Ni watu wawili walioshika ndoo zilizojaa kwenye kizingiti kimoja, kila mmoja akimngoja mwenziwe atue. Dawa yake ni ileile: kuweka ndoo chini na kuendelea kusoma. Hifadhi ya uandishi iliyomo katika maktaba ya Quagga ilimrudishia mwitaji moja ya majibu matatu: yote yametoka, yamebaki mengine, au pametokea kosa. Jibu la kati ndilo lenye somo, kwa sababu linakataa kulihesabu baki kuwa kosa, na linakataa pia kujifanya kwamba halipo.

5.0 Uteuzi wa istilahi

Utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi ni kutazama kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, halafu katika lugha nyingine za Kibantu, na hatimaye katika lugha za mbali. Kwa kuufuata, tunapendekeza yafuatayo.

(2) a. Uandishi unaongoja, uandishi usiongoja.
    b. Ndiva (hifadhi ya kiini kwa soketi).
    c. Foleni ya jirani (hifadhi ya programu yenyewe).
    d. Baki (sehemu ya ujumbe ambayo kiini hakikuipokea).
    e. Kukwamisha (madhara ya kungoja kwa wasiohusika).

Kitenzi "ngoja" kimechaguliwa kwa kuwa kinamtaja mwandishi na kumwachia mkondo hali yake. Anayesikia "usiongoja" hujiuliza: asipongoja, mzigo anauachaje? Swali hilo ndilo mwanzo wa elimu. Ingewezekana kutumia "subiri", lakini neno hilo lina harufu ya subira, ambayo kwetu ni sifa njema, na hatutaki mwanafunzi aone kwamba tunaikemea sifa njema.

Kuhusu (2b), wengine hutumia "bafa", neno lililotoholewa, na wengine "akiba". Hatuna ugomvi na utohozi, ila "bafa" haimwambii mwanafunzi lolote kuhusu tabia ya kitu kinachotajwa. "Akiba" inamwambia jambo lisilo sahihi, kwa kuwa akiba ni mali iliyowekwa kwa ajili ya siku ya haja, na kadiri inavyozidi ndivyo mwenyewe anavyofurahi. Yaliyomo katika hifadhi ya kutumia ni kinyume chake. Ni deni ambalo halijalipwa. "Ndiva" ina kinachoingia, kinachotoka na ukingo, nayo huhukumiwa kwa mtiririko wake. Kwamba limetoka katika lugha ya wilaya chache si hoja ya kulikataa. "Ikulu", "ngeli" na "kitivo" yalitoka katika lugha za makabila na leo hakuna anayeyaona kuwa mageni. Kati ya "nduwa" na "ndiva", tumechagua la pili kwa sababu limekwisha kusambaa zaidi katika maandishi ya Kiswahili kuhusu umwagiliaji; mwalimu wa Sanya Juu asisite kutumia la kwao.

6.0 Mipaka ya sitiari

Sitiari ikipita mpaka wake, huharibu ilichojenga. Maji hayana mwanzo wala mwisho. Nusu ya ndoo ni maji kamili. Ujumbe uliokatwa nusu si ujumbe, nao sharti ukamilishwe au mazungumzo yavunjwe. Tena, maji ya jana hayafutwi na maji ya leo, ilhali tangazo la jana la njia hufutwa na la leo. Kwa hiyo kanuni yetu ya nne haiwezi kupatikana kwenye mfongo hata tukitafuta kwa bidii. Mwisho, mkulima huona kwa macho kwamba bwawa limejaa. Programu hujua kwa kuambiwa tu, na isipouliza haitajua. Mwalimu ataje mipaka hii waziwazi. Mwanafunzi aliyeambiwa mahali mfano unapokoma huutumia vizuri zaidi.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kitenzi kimoja cha Kiingereza kimebeba hali nne ambazo Kiswahili huzitenga bila shida, na kwamba kukitafsiri kwa "zuia" ni kuutupa utajiri huo na kupokea utata ambao haukuwa wetu. Ndiva ya jirani wa shambani itajaa, leo na kesho. Kujaa kwake si kosa la mtu. Kosa ni la programu inayosimama ukingoni hadi salamu ya baiti 19 iliyokuwa ya Moshi ikachelewa. Vyuo vyetu vitakapoanza kufundisha uundaji wa programu kwa Kiswahili, istilahi zitakazowekwa mikononi mwa wanafunzi ziwe zile zinazowaambia nani anangoja, anamngoja nani, na nani anaumia kwa kungoja huko.